Wino wa Profesa

Mgonjwa alikuja amevaa suti. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na msije mkanitupia mimi lawama. Binti yake alikuwa amemwambia kwamba anakwenda kukaa mbele ya maprofesa, achunguzwe katika usaili wa daktari, basi mzee wa watu akajifunga tai, akapiga viatu rangi hadi vikawaka. Alipoingia katika kliniki yetu ya ngozi akakuta meza ndefu yenye glasi za maji na viti vilivyopangwa, hakuuliza mtu. Alivuta kiti cha katikati, akaketi.

Profesa naye alikuwa amemwagikiwa chai asubuhi hiyo, na koti lake jeupe nilikuwa nimelitundika dirishani likauke. Alibaki na shati lililokunjwa mikono. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, kwa hiyo akaona stuli ya mgonjwa, pale chini ya taa, ina nafuu kuliko viti vya mezani. Akakaa hapo na kuendelea kuandika maswali kwa ile kalamu yake ya wino, ambayo imekuwa ikivuja tangu nianze uuguzi. Mwenzake, daktari mvaa miwani, alikuwa bado akipekua mafaili mwisho wa meza. Hakuna aliyeinua kichwa mlango ulipogongwa na mdogo wangu akaingia.

Mdogo wangu huyu tunamwita Papo kwa Papo. Tangu utotoni swali halijafika chini, yeye ameshalidaka. Hospitalini kwao huko wilayani jina hilo lilimletea sifa, lakini katika usaili wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ngozi lilimponza vibaya. Mara ya kwanza alisema "choa!" mgonjwa hata hajakaa. Mara ya pili alisema "ukurutu!" mama wa watu akiwa bado anapandisha mkono wa blauzi. Kumbe aliungua na pasi. Yule mama alicheka mpaka akasahau maumivu, lakini profesa mmoja mgeni aliyekuwa akisaili miaka ile hakucheka hata kidogo.

Safari hii nafasi ilikuwa moja tu, na mkuu wake wa hospitali alishamwambia wazi kwamba akianguka tena, mwakani watamleta mtu mwingine. Mimi nilijua maana yake. Nilipokuwa mdogo ukurutu ulinitafuna viwiko na magoti, watoto wa mtaani wakaniita Kenge, naye, kijidudu kisichofika hata kiunoni mwangu, alirudi nyumbani kila siku kachaniwa shati kwa ajili yangu. "Nitakuwa daktari wa ngozi," alikuwa akiniambia huku kamasi zinamtoka. Watu wazima husahau ahadi za namna hiyo. Yeye hakusahau, na mimi nampenda kwa hilo ingawa simwambii, maana atajibu kabla sijamaliza.

"Mwaka huu anasaili Profesa wetu, usiyemjua bado, naye hataki jina," nilimwonya. "Anataka macho. Eleza kwanza. Jina litaje mwisho, ukiulizwa."

Basi akaja likizo, akatuhamishia mtihani nyumbani. Alieleza kochi, alieleza paka, alieleza ukuta wa bafuni na ukungu wake. Mezani akamgeukia mama. "Mwanamke mtu mzima. Paji la uso lina mikunjo ya kulala, kina chake hakilingani, kingo zake..."

"We!" mama akamkatiza. "Mimi ni mama yako, si kidonda. Kula."

Ndiyo maana siku ya usaili niliposimama pembeni na trei yangu, nilikuwa nikirudia kimoyomoyo "eleza kwanza" kama ni mimi ninayesailiwa. Mdogo wangu aliingia, akatazama meza, akamwinamia mzee wa suti.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, kijana," mzee akaitikia, amefurahi kupita kiasi. "Anza tu, usiogope."

Kisha akamgeukia Profesa mwenyewe pale kwenye stuli. "Shikamoo, mzee. Pole na kuumwa. Naomba nikuangalie."

Mungu wangu! Nilimkodolea macho mdogo wangu mpaka yakaniuma. Yeye akadhani namtia moyo, akatabasamu. Nikafungua kinywa niseme, lakini Profesa aliinua kidole kuninyamazisha. Mtu yule anapenda mzaha, na nilimwona usoni kwamba huu ameupenda. Daktari wa miwani alishaelewa, kajificha nyuma ya faili.

"Mwanamume mtu mzima," Papo kwa Papo akaanza, polepole, kama tulivyofanya mazoezi. "Ameshiba. Tumbo limetangulia kidogo. Kipara kinang'aa, hakina magamba wala makovu. Masikio yana nywele nyingi kuliko kichwa."

Faili la daktari wa miwani lilianza kutetemeka. Mzee wa suti alitikisa kichwa kwa uzito, akikubaliana na kila neno.

Mdogo wangu akashika mikono ya Profesa, akaipindua, akairudisha. Akaanza vidoleni. Alipofika kwenye dole gumba la kulia, akakomea hapo. Akalivuta karibu na taa.

"Wino huo, mwanangu," Profesa alisema, akicheka. "Kalamu yangu inavuja."

"Ni wino," mzee wa suti akathibitisha.

"Wino ungekaa juu, mzee," mdogo wangu alijibu. "Huu ni mstari, na umo ndani ya ukucha. Umeanzia kwenye shina, na huku kwenye shina ni mpana kuliko nchani. Rangi haifanani: hapa kahawia, hapa nyeusi tii. Vidole vingine vyote havina." Akainama zaidi, sauti ikashuka. "Na hapa weusi umevuka ukucha, umeingia kwenye ngozi. Una muda gani?"

"Sikumbuki," Profesa alisema. Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Faili la daktari wa miwani lilikuwa limeshashuka. Dole gumba lile tulikuwa tukiliona kila siku. Lilitia sahihi likizo zetu, lilitunyooshea makosa yetu, na sote tulikuwa tukimtania kwamba wino ule atazikwa nao.

"Na jina lake?" Profesa aliuliza. Hakuwa akitania tena.

Nilimjua mdogo wangu. Niliona jina likimjia, jina la saratani, likafika mdomoni, midomo ikajikunja kulitoa. Nikafumba macho. Nikahesabu matone ya bomba la kunawia.

"Lipo ninalolifikiria, mzee," akasema mwishowe. "Lakini bado sijui. Sitaki kukutisha bure, wala sitaki kukudanganya. Naomba tukate kipande kidogo kikapimwe. Leo, kama inawezekana."

"Amefaulu!" mzee wa suti akapiga meza, glasi zikaruka.

"Asante sana, Profesa," mdogo wangu akamwinamia tena.

Hapo daktari wa miwani hakuweza kuvumilia. "Daktari," alisema taratibu, "Profesa ni huyo uliyemshika mkono."

Mdogo wangu aliuachia mkono ule kana kwamba umemuunguza. Alinitazama mimi, akalitazama koti dirishani, akamtazama mzee wa suti, ambaye naye alianza kuuliza kama basi zamu yake ya kutibiwa ni lini, maana mgongo unamuwasha. Ningecheka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nikae chini.

Profesa alininyooshea mkono wa kushoto. "Dada, nipe pamba na spiriti."

Nikampa. Akasugua ukucha wake, akasugua tena kwa nguvu, kisha akaigeuza ile pamba chini ya taa. Ilikuwa nyeupe vilevile. Aliitazama kwa muda, akaiweka kwenye trei yangu kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Daktari," alimwambia mwenzake, "utanikatia wewe. Dada, andaa ganzi." Halafu akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. "Na wewe unakwenda wapi? Nawa mikono. Usiposimama hapa ukaona inavyokatwa, utajifunza lini?"

Papo kwa Papo alikwenda kwenye bomba. Alinawa hadi viwikoni, akarudi, akasimama kando ya stuli. Nikamsubiri aseme neno, lolote. Aliinama tu, akaushika ule mkono tena.