Jina Lililosubiri Kibali

Jumatatu ya tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Melania wa Katubuka, Kigoma, alipanga migebuka minane, samaki wa ziwani, kwenye sufuria ya mawese, akatandika kitenge kipya kwenye kiti cha mumewe. Mumewe, Jean de Dieu, alifia kambini miaka saba iliyopita na kuzikwa hukohuko. Marehemu wengine wa mtaa wangefika kuanzia saa saba, kama kila mwaka. Huyu wake hakuwahi kuja hata mara moja, kwa sababu mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kufa hakukubadilisha kitu.

Mwaka huu kibali kilitoka. Jamani, mtaa mzima ulikosa utulivu! Bi Mwamvua alileta vikombe kutoka Kasingirima. Marehemu wake yeye huja Idd, wakala pilau, wakarudi makaburini Ujiji wakati wowote wanaotaka, na hakuna anayewauliza karatasi. Alisema hilo bila kujivuna, akaendelea kufuta vikombe.

Aliyeshindwa kabisa kutulia ni binti wa Melania. Alizaliwa miezi miwili baada ya msiba, na katika ukoo wao wa Kirundi jina la mtoto hutolewa na baba. Ndugu walimsihi Melania achague lolote; akasema baba wa mtoto atakuja. Basi shuleni, darasa la kwanza, daftari la mahudhurio liliandikwa "Mtoto wa Melania", na wenzake walimcheka mpaka akawa hataki tena kwenda. Siku hiyo ya marehemu alikimbilia barabarani mara kumi na moja kuchungulia.

Saa nane Jean de Dieu aliteremka kwenye lori, udongo mwekundu mabegani, kibali mfukoni. Melania alimpangusa, akamwambia amekonda, akalia kidogo kwa furaha, akapakua. Mumewe alikula migebuka mitatu kwanza. Safari ilikuwa ndefu. Kisha akamkalisha binti mapajani, akamtazama vizuri.

"Wewe ni Kaneza," alisema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo! Hata marehemu wa nyumba ya pili walisimama kupiga makofi. Kaneza alizunguka mtaa mzima akijitambulisha kwa wazima na wafu, na kwa mbuzi mmoja aliyefungwa njiani.

Saa kumi na moja lori likapiga honi. Mzee Selestini, marehemu mzaliwa wa Kigoma, alikuwa bado anacheza bao na asingeondoka mpaka kesho. Akauliza kwa nini mwenzake anaharakishwa. Karani wa vibali, aliyekuja na lori, alimwamkia, kisha akaeleza kwamba kibali cha huyu ni cha kutwa. Melania akamsogeza binti mbele, akaomba jina liandikwe rasmi, shule ipate kulitumia.

"Ili liandikwe, dada, baba afike ofisini mwenyewe," karani alisema. "Na kibali hiki ni cha kufika hapa tu."

Jean de Dieu alimbusu Kaneza, akapanda lori, akapunga mkono mpaka kona.

Kesho yake Kaneza aliwatangulia wote shuleni, sare imepigwa pasi, akakaa dawati la mbele. Mwalimu Leonardi akaita majina. Alipofika kwa Mtoto wa Melania, hakuna aliyeitika. Akarudia, akimtazama usoni. Kaneza alitabasamu, mikono juu ya dawati, akisubiri jina lake.

Mwalimu akaandika kwamba hayupo.