Gauni la Kusimamia Jua

Mimi hufua kwa mdomo. Ndivyo mama yetu alivyokuwa akinicheka tangu enzi nafua nepi za mdogo wangu: mikono inafikicha, mdomo unasema. Nikishika shati la mtu naongea naye mpaka linapofika kwenye kamba, na kama mwenyewe aliniudhi, basi shati linayasikia yote. Sikuwahi kuona ubaya wake. Dobi anashinda peke yake na mapovu, sasa aongee na nani?

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa dobi wa Nyumba ya Nuru. Majoho tisa meupe ya wazee nafua mimi, na gauni la kusimamia jua nafua mimi pia. Gauni hilo huvalishwa mwanamke aliyeshtakiwa uchawi. Anasimama nalo uani mbele ya wazee tangu asubuhi mpaka saa sita. Likibaki jeupe, anarudi kwake. Likigeuka jeusi, karani anasoma hukumu, na mwanamke anatolewa nje ya lango la mji, kwenye jangwa la chumvi lisilo na tone la maji. Hakuna aliyewahi kurudi.

Niliowafulia ni ishirini na wanne. Wawili tu ndio waliotoka weupe: bibi mfinyanzi aliyekuwa akinilambisha asali nikiwa mtoto, na msichana mmoja nisiyemjua kabisa, mwaka ule koo liliponivimba nikakaa wiki nzima sina sauti. Wengine wote walikwenda. Hata jirani yangu muoka mikate alikwenda, yule tuliyekuwa tukigombania kamba ya kuanikia kila Jumamosi. Nami nilisema moyoni kwamba basi alikuwa mchawi kweli, maana nguo itamsingizia mtu ili ipate nini?

Kisha wakamshtaki mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mkunga. Alimzalisha mke wa Mzee wa Kwanza, mtoto akatoka wa kike, wa nne mfululizo, na mzee akaapa kwamba alikuwa wa kiume mpaka mkunga alipotia mkono. Nilipoambiwa nilicheka, nikidhani ni utani. Halafu nikaona ninacheka peke yangu.

Karani wa Nyumba aliniletea gauni na chupa ndogo ya baraka, kama kawaida. Tulimwita Kikohozi, kwa kuwa hawezi kusoma mstari bila kukohoa kwanza. Baraka hiyo humiminwa kwenye maji ya gauni tu, si kwenye maji ya majoho.

"Unajua huyu ni ndugu yangu, tumbo moja," nikamwambia.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Usibakize hata tone."

"Mpeni mtu mwingine alifue."

"Mwingine nani? Wazee wanasema mkono wako ndio safi."

Akaondoka zake. Niling'oa kizibo cha chupa kwa hasira, na tone moja likadondokea kitambaa changu cha jasho. Nikajifuta uso nacho huku namlaani Kikohozi, yeye na mapafu yake. Nilipokitoa usoni, kitambaa kilikuwa cheusi tii.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kumbe ni chupa! Miaka yote nimewatilia sumu ya rangi wanawake wale kwa mkono wangu, nikidhani ni baraka. Niliona aibu na nikaona nafuu kwa pamoja, maana kama ni chupa, kumwokoa mdogo wangu ni jambo dogo. Niliirudishia kizibo, nikaitia mfukoni mwa aproni, nikafua gauni kwa maji matupu na sabuni ya kipande. Nililifua nikimbembeleza kama wakati ule wa nepi: nyamaza mama, nyamaza, dada yupo.

Halafu nikageukia majoho. Hapo sikubembeleza mtu. Kila joho nilimtaja mwenyewe, nikamwambia alichokifanya na alimfanyia nani, nikalikamua kama shingo ya kuku. La Mzee wa Kwanza nililirudia mara tatu. Yalikauka meupe, yana buluu kidogo, mazuri kabisa.

Siku ya kusimama nilikaa ukutani na wanawake wenzangu, roho mkononi. Mdogo wangu alikuwa katikati ya ua, jasho likimchuruzika mpaka kwenye visigino. Saa nne, gauni jeupe. Saa tano, gauni jeupe. Watu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha nilipoona doa kwenye kola ya Mzee wa Kwanza.

Nilidhani ni nzi. Lakini nzi huyo alishuka begani, akaenea kifuani. Mzee wa pembeni yake akamwonyesha kidole, na kidole chenyewe kilitoka kwenye mkono wa joho uliokwisha kuwa mweusi. Kabla sijaelewa ninachokiona, wote tisa walikuwa weusi kama masizi ya sufuria, na katikati yao mdogo wangu yu mweupe pe.

"Nini hiki?" Mzee wa Kwanza aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

Sasa, kanuni ya Nyumba ni kwamba nguo ikigeuka, hukumu inasomwa papo hapo, na ikianza kusomwa haikatizwi hata na mzee. Waliiweka wenyewe, mwaka ambao mume wa mshtakiwa mmoja alimziba karani mdomo. Kikohozi aliangalia karatasi, akaangalia majoho, akarudi kwenye karatasi. Mazoea yakamshinda. Akakohoa.

"Yeyote ambaye nguo yake imegeuka..."

Wazee wakampigia kelele anyamaze, naye akapaza sauti, kama alivyofundishwa. Walinzi walimtazama yeye, si wazee. Alipofika kwenye "atolewe nje ya lango kabla jua halijapinda," wakafanya wanachofanya siku zote. Komeo la lango lilifunguliwa na mke wa Mzee wa Kwanza, mtoto wake wa nne akiwa mgongoni.

Jioni tulikaa jikoni kwangu, hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

"Dada, umewafanya nini wale?" mdogo wangu akauliza.

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe!"

"Mimi nazalisha watoto tu. Sijui kitu kingine."

"Basi ni chupa. Labda nilisahau, nikaimimina kwenye pipa la majoho." Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imejaa, limepungua lile tone moja tu.

Mdogo wangu akaichukua, akainusa, akanywa funda.

"Wewe! Tema!"

"Maji," akasema. "Maji ya bomba haya, Dada."

"Haiwezekani. Kitambaa changu kiligeuka."

"Ulikuwa unafanya nini kilipogeuka?"

"Nilikuwa namlaani Kikohozi."

Alinitazama mdomo, kisha mikono. Nami nikaitazama mikono yangu, imekunjamana kwa maji kama siku zote. Nikamkumbuka bibi wa asali. Nikaikumbuka wiki niliyokosa sauti. Halafu nikalikumbuka gauni la muoka mikate. Nililifua siku ya Jumamosi, na nilikuwa namwambia kwamba sasa kamba yote itakuwa yangu. Wakati ule niliona kama mzaha.

Hodi ikapigwa. Alikuwa binti wa muoka mikate, ameshika mkate wa moto kwa mkono mmoja na kilemba cheupe kwa mkono mwingine.

"Shikamoo, shangazi. Nimeleta mkate. Leo mama angefurahi sana."

"Marahaba, mwanangu."

"Na hiki kilikuwa chake. Nimekificha miaka sita, kimeingia ukungu. Naomba unifulie wewe, maana wewe ndiye uliyemfulia mara ya mwisho."

Nilikipokea. Nilishindwa kumwambia, na nilishindwa kukikataa. Nikakizamisha kwenye beseni, nikauma meno, nikaanza kufikicha.

Binti alichutama kando yangu, akangoja.

"Mbona husemi kitu, shangazi?" akauliza. "Mama alikuwa akisema ukifua unaongea mpaka nguo inaitika."