Ndege wa Edinah Avuka Ukuta

Ndege wa marehemu dada yangu Edinah alikuwa amekwama ukutani, na sitanii. Edinah alimchora zamani, korongo mwenye shungi, ndani ya programu kuukuu inayoongoza mashine yangu ya kufuma sweta. Programu nyingine haimfungui. Kompyuta yetu ya kwanza ilipoungua, mkwe wangu Wepukhulu, fundi wa kompyuta, aliokoa diski, akaiweka kwenye kompyuta ya sebuleni. Hii yangu ya chumba cha mashine haina diski. Huvuta kila kitu kwa waya unaopenya ukuta.

Kwa nini mimi na mkwe tusikae pamoja tumalize? Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Nikitaka kupita nakohoa, naye anakimbilia veranda. Siku hiyo, kwa wasiwasi, nilikohoa hata bila kutaka kupita.

Lusweti, kiongozi wa kwaya iliyoagiza sweta zenye ndege huyo, alikuwa amesema: "Mama, ndege asipotoka leo, sweta zetu zinafumwa mjini, bila ndege."

Tukajaribu, mkwe sebuleni, mimi kwenye mashine. Programu ikawaka, ikazima. Tena, ikazima.

"Nabwire," nikamwambia binti yangu, aliyesimama mlangoni kama balozi, "muulize bwanako huyo mzee wa programu anaumwa wapi."

"Mama, amekusikia. Ukuta ni mbao."

"Haumwi, Mama!" Wepukhulu akajibu. "Ni mtindo wa kale. Anafanya kazi huku akichota vipande kwenye diski. Kwa waya huu anarudi mikono mitupu."

"Kumbe ni kama mimi nikija kwako! Ugali napitishiwa mlangoni tonge kwa tonge, mpaka naondoka na njaa. Si mniletee sufuria yote?"

Kicheko kikapenya ukuta.

"Nabwire, mwambie Mama sufuria inakuja!"

Akaiamuru programu ivuke yote, ijae kwenye kumbukumbu ya kompyuta yangu, ndipo ianze.

Ikawaka. Haikuzima! Mashine ikaguruma, ikatoa miguu, shingo, na mwishowe shungi la Edinah. Nikapiga vigelegele. Wepukhulu akaja mbio kuona, akafika mlangoni, akakumbuka mimi ni nani, akageuka kama mbuzi aliyeona mvua.

Nabwire akambandika mumewe kifuani kile kitambaa kilichotoka na ndege. Nikachungulia dirishani: Lusweti huyo, anafungua geti.

Nikakohoa.

Mkwe akachomoka hadi veranda, kifua mbele, na korongo wa Edinah akampokea mgeni.