Kabichi Nyekundu Kabla ya Wageni

...po, ndivyo kilivyolia usiku mmoja wiki jana, po, kama mtu amegonga mlango mara moja halafu akabadili nia, mbwa akabweka, mume wangu Kipkemboi akaruka kitandani akitafuta tochi kwa miguu na mikono, na kumbe ni kibuyu tu, kibuyu cha mursik cha mama mkwe, kimening'inia jikoni nyuma ya ukuta wetu, maziwa yameiva kupita kiasi yakasukuma kifuniko mpaka kikaruka kikapiga bati, na kila mtu alisikia, hata jirani Sally wa ng'ambo ya chai aliuliza asubuhi yake, jamani mlikuwa mnapigana huko ama ni nini, kila mtu alisikia, kila mtu isipokuwa... kata kabichi, Bosibori, kata nyembamba, wageni watafika saa sita na wewe bado uko kwa nusu ya kwanza, kisu kinaingia kikisema krrch, krrch, ndani ni kama ramani, mistari myeupe inazunguka kwenye zambarau kama njia za kupitia kati ya majani chai ukiziangalia kutoka juu kule, njia hazifiki mahali, zinarudi tu katikati, nani alisema hii ni nyekundu, hii si nyekundu, lakini sokoni Kapsoit wanaiita nyekundu na hata yule muuza miche hakujua, alimuuzia mama mkwe miche ya kabichi ya kawaida, ikakua, ikafunga, ikatoka rangi ya vazi la askofu, na Sally akaja akasimama kwa shamba akashika kiuno, mama Kipkemboi, hii kabichi yako imepigwa na nani, imevimba hivi, tukacheka mpaka tukakaa chini, na hakuna mtu sokoni aliyeitaka, ng'ombe tu, na ndiyo sababu juzi mama alinitazama akasema wewe si ulisoma upishi huko shule, watu wako wanakuja, watengenezee hiyo kitu ya krimu, ile saladi, wasiende kusema kwetu tunakula sukuma tu, na mimi nikasema sawa mama, nikasema sawa kwa sababu siku hizi ninasema sawa kwa kila kitu, mdomo unasema sawa na mimi niko mbali, niko chini ya maji nikiwatazama, kwa sababu usiku ule kibuyu kilipolia mimi sikuangalia mlango, niliangalia mtoto. Nilimwangalia Nelvine. Tochi ya Kipkemboi ilipita juu ya uso wake ikarudi, alikuwa amelala na mdomo wazi, ngumi imefunguka, hakutikisika, hata ukope, mbwa anabweka, baba anaangusha stuli, na yeye yuko pale mtulivu kama bwawa la kiwanda asubuhi, na Kipkemboi akacheka, ona msichana wangu, haogopi kitu, akalala tena, na mimi sikulala... chumvi, weka chumvi sasa, uikande kwa mikono mpaka ilainike, mwalimu alisema kabichi nyekundu ni ngumu kuliko ile nyingine, lazima uisumbue kidogo, na maji yanaanza kutoka, zambarau, yanaingia kwenye mistari ya viganja vyangu na kuichora yote, sijawahi kujua nina mistari mingi hivi, na huko nje mama ameanza tena na mfuniko wake, pwa, pwa, wiki nzima anafukuza kuku kwa mfuniko wa sufuria, asubuhi nyuma ya stoo, jioni karibu na zizi, nilimuuliza juzi mama kwani kuku wamezidi, akasema wamezidi kabisa, hakuniangalia.

Kuna sauti ya Sally huko nje, amekuja kuleta vikombe tulivyoomba, anamsalimu mtoto kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe, Nelvine! wee Nelvine! chamgei mama! halafu kicheko, huyu mtoto ananyamazia watu kama tajiri, na mama anasema kitu sikisikii vizuri, na Sally anajibu, si ni nyinyi mnamchanganya, bibi anamwita kwa Kikipsigis, mama yake anambembeleza kwa Kikisii, baba yake naye ni Kiswahili na Sheng, mtoto anangoja mchague lugha moja ndio ajue mnaongea na yeye, mwite kwa Kikisii, labda network iko upande huo! na wanacheka, wote wanacheka, na mimi pia nilicheka mara ya kwanza, tulicheka sana na maneno hayo, tuliyakumbatia kabisa, hata Kipkemboi anawaambia wenzake wa lori la chai, mtoto wangu atakuwa na lugha nne ndio maana anachelewa kujibu, na ilikuwa kama blanketi, tukajifunika nayo wote, lakini usiku kibuyu hakikusema Kikisii, hakikusema Kikipsigis, kilisema po... suuza, kamua, kamua tena, karoti ziko wapi, hizi hapa, zinakwaruzwa nyembamba, rangi ya chungwa ikianguka juu ya zambarau, inapendeza jamani, ni kama shuka za harusi, na mursik iko kwa jagi, mama mwenyewe alisema asubuhi, kile kibuyu kilichopiga kelele kimeiva, tumia hicho, mayonesi ya duka ni ya nini, na ni kweli, ni nzito, ina majivu yake ya mti wa senetwet yanayoifanya kijivu kama ukungu wa Julai, nikichanganya na malai ya maziwa ya jana na sukari kidogo na ndimu itakuwa krimu ambayo haiko kwa kitabu chochote, mama yangu Gesare ataonja akunje uso kwanza, Wakisii hatukuzoea majivu kwa maziwa, na baba mdogo Nyang'au atasema kitu, lazima aseme, alisema kwenye mahari, akaangalia kibuyu akasema hawa ndio watafunza msichana wetu kunywa makaa, na walicheka upande huu na walicheka upande ule, lakini ukiangalia meno ulijua nani hakuwa anacheka.

Leo watamwona Nelvine kwa mara ya kwanza. Mama yangu atampigia makofi mbele ya uso, ndivyo anavyofanya na watoto wote, anapiga makofi na kuita, na akipiga makofi mbele mtoto atacheka kwa sababu anaona mikono, anapenda mikono, anapenda nyuso, mtu akiingia anageuka kwa sababu ya kivuli mlangoni, mbao za sakafu zikitikisika anageuka, kwa hiyo watu wote wanasema anasikia, huyu anasikia kila kitu, lakini mama yangu amezaa saba na kulea wa dada zake, atampigia makofi nyuma pia, na kutakuwa kimya, na kwenye huo ukimya baba mdogo Nyang'au ataweka kikombe chini. Upande wetu watasema ni ule ugoro. Kwa sababu walisikia, niliwaambia mwenyewe kwa simu nikicheka, jinsi mama mkwe alivyowaita wamama watatu jikoni, kanisani tutabatiza baadaye alisema, hii ni ya nyumbani, wakamkalisha mtoto mapajani, wakaanza kuita majina ya wazee waliokufa, moja moja, taratibu, na kwa kila jina unga kidogo wa ugoro karibu na pua, ili mtoto apige chafya kwa jina analolitaka, na wakaita jina hili kimya, wakaita lile kimya, na walipofika kwa Taprandich, mama ya mama mkwe, Nelvine akapiga chafya kubwa mpaka kichwa kikarudi nyuma, na wamama wakapiga vigelegele, amesikia! amesikia jina lake! na mama mkwe alilia, sijawahi kumwona akilia, alishika huyo mtoto akasema umerudi mama, umerudi, na mimi nililia pia, ilikuwa kama mlango umefunguliwa mahali... amesikia, walisema. Ilikuwa ni ugoro. Mtu yeyote angepiga chafya. Na upande huu nao watasema ni damu ya Kisii, watauliza kwenu kuna wengine, ulikula nini ukiwa mjamzito, na Kipkemboi atakaa katikati kama mtu amekaa juu ya mpaka, hatajua aangalie wapi, na mtoto atakuwa pale kwa mkeka akipokezana macho na watu wote, akicheka na wote, bila kujua wanagawana nani alimharibu, na hajaharibika, hajaharibika mtoto wangu, usiku nikimwimbia anaweka mkono wake hapa, shingoni kwangu, kiganja chote kimelala kwenye koo, na kadiri ninavyoimba ndivyo anavyotabasamu, nilidhani anapenda ngozi yangu tu, kumbe hapo ndipo anasikilizia, kwa kiganja, yeye anasikiliza kwa kiganja kama mtu anayepapasa herufi gizani... ndimu. Nimekamua ndimu juu ya kabichi na zambarau imegeuka, imekuwa waridi mbele ya macho yangu, waridi kabisa, kila mahali tone lilipoanguka kuna nyota ya waridi, ningekaa hapa, ningekaa hapa tu nikitonesha ndimu mpaka jioni, wageni wapotee ukunguni warudi kwao polepole, na hakuna mtu apige makofi.

Pwa. Kuku tena. Pwa, pwa, na mbwa analalamika, na nimeinua macho kwa dirisha bila kufikiri, na hakuna kuku. Sally ameenda, naona kitambaa chake chekundu kikizama kati ya majani chai. Kuku wako mbali kule kwa ndizi, wamesimama na mguu mmoja juu wakishangaa. Nelvine amekaa kwa mkeka amenipa mgongo, anakula kipande cha karoti nilichompa, na nyuma yake mama mkwe, mama mkwe na magoti yake mabaya, amechuchumaa, anaangalia huku, anaangalia kule, hanioni, ameinua mfuniko kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, karibu na kisogo cha mtoto, pwa! na anasubiri, anainama kuangalia, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani anangoja lifike. Nelvine anageuza karoti upande wa pili. Pwa! Mbwa ameondoka. Na mama ameshusha mfuniko polepole, ameuweka kwa nyasi, amejifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa, na wiki nzima, Mungu wangu, wiki nzima nyuma ya stoo, karibu na zizi, wiki nzima kuku hawakuwa wamezidi...

Ameniona. Tumeonana kupitia dirisha, mikono yangu ni ya zambarau mpaka vifundoni, na hakuna mmoja ameondoa macho. Anakuja, amembeba mtoto kiunoni, magoti yanalia, ameingia akasimama mlangoni kama yeye ndiye mgeni jikoni kwake, na mimi nimeshika bakuli, ninakoroga, sijui kufanya lingine, mursik imeingia kwenye waridi na yote imekuwa rangi ya mbingu ya asubuhi, na ninangoja aseme damu yenu, ninangoja, na amesema, polepole sana, chini sana, "Bosibori, ile ugoro ilikuwa kidogo. Ilikuwa kidogo tu, kwa ncha ya kidole."

Na sijaelewa.

"Mama yako akiuliza," amesema, "usiseme ni mimi nilimharibu mtoto. Mimi nilitaka tu mama yangu arudi. Sikujua inaingia kwa masikio."

Kumbe. Kumbe huyu mwanamke niliyekuwa namwogopa ananiogopa mimi, amekuwa akilala upande wa pili wa ukuta na hofu hii hii, kibuyu kikalia, naye akakaa macho akihesabu chafya moja, na mimi macho, ukuta mmoja katikati, na nikaona mbele yangu, wazi kama mchana, usiku ule wa kwanza nikiwa nimetoka kujifungua, mvua ya mawe, ile iliyochana chai yote ya bonde hili, bati likipigwa mpaka tukawa tunaongea kwa ishara, Kipkemboi amejifunika masikio, na kichanga changu kwa kifua changu kikinyonya kwa amani, kikinyonya tu, na sote tukasema ona huyu ni mpole, na ugoro ulikuja baadaye, mwezi umepita, hata ulikuwa bado dukani.

"Mama, si ugoro," nimesema, na sauti yangu imetoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Unakumbuka mvua ya mawe? Alilala. Alinyonya akalala. Ilikuwa kabla."

Midomo yake inarudia, kabla, kabla, bila sauti, halafu amekalia gunia la mahindi ghafla, na mtoto amecheka kwa huo mshtuko wa kukaa, akanyoosha mkono wenye karoti iliyotafunwa akauweka shingoni kwa bibi yake, pale pale kwenye koo, na mama amesema jina, Taprandich, amelisema kwa nguvu ili mfupa utikisike, na mtoto ametabasamu, na bibi yake naye amesikia kitu, siwezi kusema ni nini lakini amesikia.

"Anasikia na mkono," mama amesema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe ulijua?"

"Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi." Amepangusa macho kwa kiganja cha mtoto. "Jumatatu twende hospitali Longisa, wewe na mimi. Wapime. Kipkemboi tutamwambia kesho, wageni wakiwa wameenda. Leo wakule tu. Nyang'au ukimpa maneno kabla ya chakula atayatafuna mpaka jioni." Na amechungulia bakuli. "Na hii kitu, kwani saladi inakuwanga blu?"

Na nimecheka, machozi yameanguka kwa krimu, si mengi, chumvi ilikuwa imepungua hata hivyo, bado ninakoroga, bado kuna nusu kabichi haijakatwa, bado ni kabla ya saa sita na ukungu haujatoka kwa chai, hakuna kilichobadilika jikoni, kisu pale, ndimu pale, kibuyu kimening'inia kimya kwa msumari wake, na amenyoosha kidole, akachota krimu kidogo akampa mtoto, akasema bila kuniangalia, mwingine asijue leo, Bosibori, mimi na wewe, na mimi nikachukua ule mkono wake mdogo wa karoti, wa Nelvine, nikauweka kwenye koo langu mwenyewe ili na yeye awe shahidi, nikasema, sitamwambia mtu mwingine, mama, leo sitamwambia mtu mwingine.