Bata wa Mti Kileleni

Haya alinisimulia Deoksim, majira ya baridi yaliyopita, tukiwa tumekaa uani kwake tunapaka kabichi pilipili, mikono inawasha hata kujifuta macho hatuwezi. Yeye alikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho, na si mtu wa kutia chumvi, ila kwenye kabichi.

Jirani yake, Bongrye, alikuwa mjane, na kibanda chake cha chakula kilikuwa pale njia ya mlima inapoanza kupanda. Aliwauzia wapanda mlima jeli ya unga wa mbegu za mwaloni na pombe ya mchele. Mtoto alikuwa mmoja tu, Taeik, aliyebeba mgongoni mchele na mafuta ya taa kupeleka banda la wageni huko juu. Taeik alimpenda Yeonsu, binti wa mshonaji nguo wa mjini, na walipokubaliana kuoana akasema harusi ifanyike kileleni, penye lile jiwe lililochorwa jina la mlima.

"Binti yangu aolewe huko juu kama mbuzi?" mama yake Yeonsu alifoka. "Na wageni watafikaje? Watambae?"

"Wageni wako huko huko, mama," Taeik akamjibu. "Kila anayepita na fimbo yake ni mwalikwa. Wewe nitakubeba. Gunia la mchele ni zito kuliko wewe."

Hata yule mama akacheka. Siku huchaguliwa na upande wa bibi harusi, naye akachagua siku ya vuli, majani yakiwa mekundu. Mume wa Deoksim, kwa kuwa mke anaye na watoto wake wote wako hai, jambo la heri kwa harusi, akapewa kazi ya kuchonga bata bukini wa mti. Bata bukini akifiwa na mwenzake hatafuti mwingine. Siku yenyewe bwana harusi humtoa bata huyo, na mama wa bibi harusi humpokea kwa kutandaza sketi yake. Bata akishaingia kwenye sketi, basi, binti ameshakwenda.

Yeonsu akawa anakuja kibandani kujifunza kazi. Jeli yake ilikataa katakata kuganda.

"Hii ni jeli au supu?" Bongrye alimtania. "Mwanangu atainywa kwa mrija?"

Taeik akainua bakuli, akainywa yote, akaomba nyingine.

Mwezi wa saba mvua ilishuka kwa hasira, na maji ya korongo yakamchukua Taeik, mzigo ukiwa bado mgongoni.

Waliuchoma mwili wake, wakazika majivu chini ya msunobari karibu na kilele. Bongrye hakulia mbele za watu. Kilichokuwa kinamla ni kingine. Kijana akifa hajaoa hapumziki. Huzunguka tu, hana nyumba ya kuingia. Kila upepo ulipotikisa mlango, Bongrye aliondoka kwenda kuufungua.

Ndipo Yeonsu alipokuja, utepe mweupe wa msiba ukiwa nyweleni.

"Mama, ile siku bado ipo. Tutafanya harusi kileleni kama alivyotaka. Mimi nitasimama, na picha yake mtaiweka kando yangu."

Bongrye akaenda kwa mganga, na mwanamke yule hakumficha. "Mwanao atatulia," alisema. "Ila msichana atakuwa mjane nyumbani kwako mpaka kufa. Aliyeolewa na mfu, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango."

"Amesema mwenyewe," Bongrye alimwambia Deoksim.

"Kilio ndicho kilichosema. Mama Taeik, yule bado mbichi! Unataka mkwe, au unataka mtu wa kulia naye?"

"Wewe una wana wanne wanakoroma nyumbani kwako. Usinifundishe."

Neno lile lilimwingia Deoksim. Hata hivyo alisaidia. Mishumaa ambayo mama wa pande mbili huwasha harusini, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, waliiwekea vioo upepo usiizime. Mikate ya mchele waliisonga midogo ili ibebeke. Bongrye alitafuta mikeka, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, maana mikono yenye kazi huudanganya moyo.

Siku ikafika, na jua lake. Wapanda mlima waliokuwa kileleni wakavua kofia wakasogea pembeni. Picha ya Taeik ikawekwa mkekani. Yeonsu akasimama kando yake na sketi yake nyekundu, midomo imemkauka. Mama yake alikuwa ameapa kwamba hatapanda, na Bongrye aliamini hivyo.

Mganga alipoanza kupiga ngoma yake, yule mama akatokea kwenye miamba, anatambaa. Kweli alitambaa, kwa mikono na magoti, viganja vimechubuka. Hakumsalimia mtu. Akakaa, akavuta pumzi, kisha akatandaza sketi yake.

Bongrye akamchukua bata, kwa kuwa bwana harusi hakuwa na mikono ya kumtoa. Akasogea. Upepo ulikuwa umetulia, lakini ile sketi ilikuwa inatetemeka.

"Mweke," mama yake Yeonsu akasema. "Nimekuja kumpokea. Nisipompokea mimi, atapokewa na nani? Mimi nina huyu mmoja tu."

Bongrye akasimama. Mmoja tu. Akainama kumweka bata, na mikono ikakataa kumwachia. Akamkumbatia kifuani.

"Simtaki," akasema kwa sauti kubwa.

"Mama?" Yeonsu akashtuka.

"Sikutaki! Jeli yako haigandi. Nikae na mkwe wa kuninywesha supu mpaka nife? Rudi kwenu."

"Mama, Taeik atazunguka..."

"Azunguke. Si atakuja kwangu? Njia anaijua."

Yeonsu akapiga magoti, akamshika pindo la nguo. Bongrye akalichomoa, akageukia msunobari. Mama yake Yeonsu aliweka paji la uso chini, mbele ya mgongo wa Bongrye, akakaa hivyo kitambo, kisha akamwinua mwanawe. Wakashuka. Kilio cha msichana kilisikika muda mrefu chini ya miti, na Bongrye hakugeuka. Kilipokwisha kabisa, ndipo akalia yeye. Deoksim anasema kilio cha namna ile hajakisikia tena, wala kwa mnyama.

Mikate wakawagawia wapanda mlima. Bata akashuka mlima akiwa kifuani mwa Bongrye.

Jioni Deoksim akasema atalala kwa Bongrye, akaruhusiwa. Bongrye akatandika godoro la Taeik kando ya lake, akamlaza bata kwenye mto, akamfunika.

"Mlango usiutie komeo," akasema.

"Baridi itaingia, Mama Taeik."

"Iingie."

Upepo ulipotikisa mlango, Bongrye aliinua kichwa, akakilaza. Ukatikisa tena, akainua tena. Baadaye mlango ukatikisika na kichwa hakikuinuka; usingizi ulikuwa umemchukua. Deoksim akautazama ule mlango, akauacha vilevile, akajivutia blanketi, naye akalala.