Nguzo za Mwezini

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo hajawika, na majirani pale Chapwa, Tunduma, wanajua Fausta anakwangua unga ulioganda kwenye beseni lake la kukandia maandazi. Miaka sita aliamka saa hiyo, na miaka sita jina la kwanza kumjia kichwani lilikuwa moja: Sadoki.

Sadoki alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Galula. Siku moja duara hilo liliporomoka, likawafukia vijana wawili, Amoni, mtoto wa pekee wa Fausta, na rafiki yake Luhaga. Hata matanga hayajaanuliwa, Sadoki akawaambia watu kuwa Amoni ndiye aliyeng'oa matimba, zile mbao zinazoshikilia paa chini ya ardhi, apate kuziuza kuni. Akaapa hivyo juu ya kaburi. Kisha akalipia majeneza yote mawili, akahamia Tunduma kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Fausta hakuwa mtu wa kusahau wema, na wema ule wa jeneza ulimchoma kuliko uongo wenyewe. Stamili, mama yake Luhaga, ambaye walikuwa wakipelekeana mbegu na maziwa, hakumsalimia tena.

Mwaka wa sita, 2014, Ayoub alileta gemu jipya kwenye banda lake la kuchezea gemu za runinga. Ayoub alikuwa kijana mwema. Alimpa Fausta benchi mlangoni auzie maandazi yake, na mvua ikinyesha alimvutia ndani, benchi na ndoo pamoja. Ndiyo maana Fausta aliona yote.

Gemu lilikuwa la kuchimba madini mwezini, na halikuwa na mchezo. Hewa ilikuwa inaisha kweli. Paa lilikuwa linashuka kweli, na kwa kuwa ni mwezini, mawe yalianguka polepole kama unga unaochekechwa. Vijana walilia.

"Oya Ayoub, nimechimba nusu saa, nimekufa kwa kukosa pumzi! Gemu gani hili?"

"Turudishie mpira, bwana!"

"Nyie mmezoea kukimbia," alisema mmoja aliyewahi kufanya kazi Galula. "Huyu aliyetengeneza hili alishashuka duara. Gonga paa kwanza, usikilize. Likilia kama ngoma, kimbia. Likilia kama jiwe, chimba."

Tangu siku hiyo waliokuwa wachimbaji wakajaa bandani, wakabishana kama wako kazini. Fausta alisikiliza. Akajifunza kuwa wanacheza wawili, mmoja mbele kwenye mwamba, mwingine nyuma akiziangalia nguzo za chuma. Akajifunza pia kuwa nguzo ikishasimamishwa, inaweza kung'olewa.

Hapo mikono yake ikatulia juu ya ndoo ya maandazi.

Sadoki alipita pale kila asubuhi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Fausta alijibu, kama alivyojibu miaka yote, neno likimkaa kinywani kama majivu. Lakini siku hiyo akaongeza, "Hawa vijana wa Ayoub wanasema wenye maduara wa Galula hawakujua kazi. Wanasema mlijua kukaa juu na kula."

"Nani kasema?"

"Aa, wote. Mimi nauza maandazi tu."

Sadoki akacheka, ila shingo ilivimba. "Waambie Jumamosi nakuja kuwafundisha."

Jumamosi banda lilifurika. Fausta alikuwa ameshamwomba Ayoub jambo moja: atakayecheza na Sadoki awe Makene, mdogo wake Luhaga, dereva wa bodaboda. Ayoub hakuuliza kwa nini. Alimtazama mama yule usoni, akasema, "Sawa, mama." Makene naye alikubali kwa sababu alipenda gemu, bila hata kumwangalia Fausta.

Makene akashika mwamba mbele. Sadoki akashika nguzo nyuma. Na kweli alijua. Aligonga paa, akasikiliza, akasimamisha nguzo pale pale panapotakiwa.

"Mzee ni noma!" vijana wakapiga makofi. Sadoki akatanua mabega.

Nguzo zikaisha ghalani, na mwamba wenye mali ulikuwa bado uko mbele. Bila kufikiri, Sadoki akageuka, akaanza kung'oa za nyuma.

"Mzee, mwenzako bado yuko ndani!"

"Tulia, dogo. Nguzo haioti kama muhogo. Unang'oa za nyuma unasogeza mbele, mwamba ukishakaa haushuki mara moja. Galula nimefanya hivi miaka minne, sijawahi..."



Kwenye kioo, paa la mwezi likaanza kushuka. Jiwe, na jiwe, na jiwe, polepole, juu ya mtu wa Makene. Spika zikatoa pumzi yake, nzito, kisha fupi, kisha hakuna.

"Malizia, Sadoki," Fausta alisema kutoka mlangoni. "Hujawahi nini?"

"Mama, hili ni gemu tu."

Makene akaweka kidude cha kuchezea chini, taratibu. "Uliapa juu ya kaburi la kaka yangu. Ulisema Amoni ndiye aliyeng'oa."

"Makene, sikiliza..."

"Mikono ya nani iling'oa?"

Watu wote walikuwa wakimtazama, na mlango alikuwa ameukalia Fausta. Alikuwa bibi mwembamba, lakini hakuna aliyethubutu kumsogeza. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa furaha, na hakuionea aibu furaha ile. Alitaka amwone akitafuta hewa.

"Sema," alimwambia, kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Nilizing'oa mimi," Sadoki akasema. "Nilidhani paa litashika mpaka jioni."

Hakuna aliyempiga. Fausta akainuka, akampisha njia.

Kabla ya giza Tunduma nzima ilikuwa inajua. Bodaboda wakaacha kununua kwake hata nati. Jumatatu asubuhi Sadoki alikuja mpaka kwenye benchi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

Fausta aliendelea kupanga maandazi.

"Shikamoo, mama."

Akampa mteja mwingine chenji yake. Shikamoo ile ikabaki inaning'inia mbele ya watu, haikupokewa, mpaka mwenyewe akaondoka nayo.

Jumatano Makene alimpakia Fausta kwenye pikipiki mpaka Mbangala, kwa mama yake, akipunguza mwendo kila penye shimo ili bibi asiumie mgongo. Stamili alikuwa zizini. Makene alikuwa ameshampigia simu, lakini Stamili alitaka kusikia kwa Fausta mwenyewe. Alimkalisha, akampa kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, kisha akakaa chini mbele yake.

Fausta alisimulia yote. Stamili hakulia mpaka lilipotajwa jina la Amoni, ndipo akashika mguu wa mwenzake, akaushikilia.

"Miaka sita nimemlaani mtoto wako," alisema.

"Ulidanganywa, Mama Luhaga."

"Na hiyo shikamoo, hukuipokea?"

"Sikuipokea. Na sitaipokea."

Stamili akafuta macho kwa khanga. Jua lilipopinda alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamfungia maziwa mengine ya kupeleka nyumbani, akamshika mkono asiuachie.

"Uje tena, Mama Amoni. Uje Jumapili. Nataka unisimulie tena uso wa Sadoki ulivyokuwa."