Dada Anayeingia Kabla ya Zamu

Kama kuna kitu Zumari alikichoka, kuliko hata mapromota waongo na maikrofoni zinazonuka mate ya wengine, ni dada yake kumkatiza. Miaka thelathini na moja ameimba muziki wa soul, ule unaomliza mtu aliyekuja kucheza tu, na miaka yote hiyo hajawahi kuachiwa mstari mrefu akaumaliza peke yake. Akifika mwishoni, sauti inapopanda na watu wanashika vifua, dada mkubwa, mwitikiaji wake, huwa ameshaingia. Zamu yake bado, yeye keshafika.

Walianzia kwenye chumba cha mama yao, aliyekuwa dobi, wakiimba huku wanapiga pasi mashati ya watu. Wakaenda kwenye kumbi za harusi, kisha mahotelini, hadi wimbo mmoja ukamtoa Zumari na picha yake ikabandikwa ukutani kwa vinyozi. Na kila walipofika, pupa ya dada ilifika nayo.

Alimsema nyumbani, akamsema safarini, akamsema hata redioni: "Huyu dada yangu, kama tungekuwa mapacha angenisukuma atoke kwanza." Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Dada naye alicheka, akaendelea kuingia mapema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa mzaha ulikuwa umekwisha. Daktari wa koo alisema uvimbe kwenye nyuzi za sauti lazima utolewe Jumatatu, na sauti itakayobaki hawezi kuiahidi. Leo ni Ijumaa. Zumari alitaka jambo moja tu kabla ya kisu: wimbo wenye mstari mrefu ulio wake mwanzo hadi mwisho.

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa mazulia ukutani. Feni ilizimwa kwa sababu inanguruma, kwa hiyo wote watatu walilowa jasho: Zumari, dada, na fundi mitambo, mwanamke mpole anayetafuna njiti ya kibiriti.

Mara ya kwanza, dada aliingia mapema.

"Dada, nimekwambiaje?"

"Umesema ningoje."

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimejisahau."

Mara ya pili akajisahau tena. Mara ya tatu Zumari alimvua hedifoni kwa mkono wake mwenyewe. "Nenda kakae pale. Nikimaliza nitakuita."

"Mdogo wangu, tuimbe tu tulivyozoea."

"Hayo mazoea ndiyo yaliyonifikisha hapa."

Dada alikwenda kukaa, akaikalia mikono yake.

Zumari akaimba peke yake. Mstari ulipanda vizuri, ukazunguka, ukakaribia neno la mwisho, pumzi ikakata. Akarudia. Ikakata palepale. Akanywa maji ya vuguvugu, akarudia mara tatu nyingine, akazidi kukasirika, na kila mara neno lile lilimfia mdomoni.

"Ni huu uvimbe," alisema.

"Huenda," alisema fundi, bila kumtazama.

Hiyo "huenda" ilimkera kuliko yote. "Hebu fungua ule wimbo wangu wa kwanza. Mtoe dada, nibaki mimi tu. Wakati ule koo langu lilikuwa zima."

Fundi alikuwa nao kwenye kompyuta, kila sauti kwenye njia yake. Dada akainuka. "Usiufungue huo," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatabasamu.

Fundi alishabonyeza. Ikatoka sauti ya msichana wa miaka ishirini na mitatu, tamu, haina hata mkwaruzo. Ikapanda. Ikafika kwenye neno la mwisho, ikawa pumzi tupu. Ubeti wa pili, vilevile. Wakafungua wimbo mwingine, na mwingine, mambo yakawa yaleyale. Neno lile alilokuwa akipigiwa makofi halikuwa lake, lilikuwa la dada. Sauti zao zilitoka tumbo moja, hakuna aliyetambua, na yeye mwenyewe akiwa jikoni hakuwahi kuumaliza wimbo. Nani humaliza wimbo akiosha vyombo?

"Ulijua?"

"Tangu kwenye pasi. Pumzi yako fupi toka utotoni. Ukikimbia kidogo tu, unakaa chini."

"Nimekutukana miaka thelathini na moja. Mpaka redioni, Dada."

"Nilisikia. Redio ninayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeiogopa ile noti ya mwisho. Na ungeiogopa moja, ungeziogopa zote."

Zumari alitafuta wa kumkasirikia, akakosa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani kumgombeza dada kwa kumficha, na kumwangukia miguuni, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi, alimrudishia hedifoni na kumsogezea maikrofoni.

Wakaimba. Dada aliingia pale anapoingiaga, na Zumari hakumkunjia uso. Kwa mara ya kwanza alisikia sauti yake inapokwisha, na ya dada inavyoipokea kabla haijagusa chini.

Fundi alitoa njiti mdomoni. "Hii tusiirudie," alisema, akaweka kidole kwenye kitufe. "Dada nimshushe kidogo, akae nyuma yako?"

"Mpandishe," alisema Zumari. "Watu wasikie ninapoishia."